Kuku wa Kichina wa boksi, jikoni kwangu

Hapa Columbus, Ohio, kila Ijumaa jioni wanangu walikuwa na wimbo mmoja: kuku wa Jenerali Tso. Vile vipande vinavyong'aa, vitamu vyenye pilipili kwa mbali, ndani ya boksi. Sisi tuko watano, na boksi moja halitoshi. Kutoa zaidi ya dola 50 kwa kuku ambaye akifika nyumbani ameshalainika kwa mvuke, moyo ulikuwa unaniuma. Nikasema nitampika mwenyewe.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilikoroga unga wa ngano kama wa viazi karai, nikamimina kuku wote kwenye mafuta kwa pupa. Mafuta yakapoa, unga ukabanduka na kuganda chini ya karai, nikabaki naopoa nyama tupu. Kitinda mimba wangu akachungulia sahani: "Mama, leo ni mchuzi?"

Jamani, siri yote ya ganda kavu la kutafuna iko kwenye wanga wa mahindi. Si sembe ya ugali! Ni ule mweupe, laini kama poda, ambao ukiuminya kwa vidole unalia kama kiatu kipya.

Mimi hutumia mapaja, kilo moja bila mifupa, maana kidari kikizidi dakika moja tu kinakauka. Kata vipande vya sentimita tatu hivi. Changanya na ute wa mayai mawili, vijiko vikubwa vitatu vya soya sosi na vitatu vya wanga, uache nusu saa. Wapishi wengi wa Kichina huweka na mvinyo wa mchele. Kwangu hauingii, na hakuna aliyewahi kuuulizia. Kisha weka wanga mkavu kwenye bakuli pana na uudondoshee matone ya ule urojo wa kuku, ufanye vidonge vidonge, kisha ugaragaze vipande vya kuku humo. Vidonge hivyo ndivyo vinavyonata kwenye nyama na kugeuka magamba ya kutafuna.

Sasa kaanga mara mbili. Hapa usinifanyie uvivu. Mafuta yakifika nyuzi 165 za Selsiasi, tia vipande vichache vichache, dakika nne, vitoe juu ya wavu. Ukiviweka kwenye karatasi, upande wa chini unatota. Vitakuwa vimepauka kama wagonjwa, usishtuke. Viache dakika kumi, unyevu wa ndani uje kwenye ganda. Pandisha moto hadi nyuzi 190, virudishe kwa dakika moja na nusu, unyevu ule utoke. Ukivitingisha kwenye chujio vinagongana kama kokoto.

Sosi ni kazi ndogo. Kaanga saumu, tangawizi na pilipili kavu kwa mafuta kidogo, kisha mimina mchanganyiko wa soya sosi vijiko vikubwa vinne, siki vitatu, sukari vitatu, maji nusu kikombe na wanga kijiko kimoja. Dakika moja tu imeshakuwa nzito.

Binti yangu mkubwa analalamika kwamba ya mgahawani ni tamu zaidi. Ni kweli, ila mpishi aliyemtunga kuku huyu, Peng Chang-kuei wa Hunan, alimpikia Taiwan miaka ya 1950 bila sukari kabisa. Utamu uliongezwa New York miaka ya 1970. Kwa hiyo nikipunguza kijiko sioni haya.

Usichanganye kuku na sosi kabla watu hawajakaa. Mimi hupakua wali kwanza, naita majina yote, naye baba yao nahakikisha ameweka simu chini, ndipo namwaga kuku kwenye sosi, nageuza mara tatu, napeleka mezani. Kinachobaki bila kuchanganywa nakihifadhi mbalimbali. Kesho yake kuku anaingia oveni nyuzi 200 kwa dakika nane, na sosi inakwenda shule ndani ya kichupa cha jamu.