Siku ya somo wetu tusali nini? Maswali na majibu

Tumsifu Yesu Kristo. Maswali ya safari hii yote yanahusu siku za watakatifu, hasa ya somo, yaani mtakatifu msimamizi ambaye kanisa lina jina lake.

Sherehe ya somo wa parokia yetu imeangukia Jumatano na wengi watakuwa kazini. Tunaweza kuisogeza Jumapili?

Mnaweza, ikiwa ni Jumapili ya Kipindi cha Kawaida. Somo wa kanisa huadhimishwa humo kwa daraja la sherehe, lililo la juu kabisa, hata kama kwingineko siku yake ni kumbukumbu tu. Jumapili za Majilio, Kwaresima na Pasaka haziguswi. Mwulizeni paroko mapema, msimwendee kamati ikiwa imeshapanga kila kitu.

Ila niongeze lisiloulizwa. Mkiisogeza, Jumatano yenyewe msilifunge kanisa. Hata wakikutana watu wachache jioni, wakasali Masifu ya Jioni na Litania ya Watakatifu, wakamalizia na kolekta (sala ya mwanzo wa Misa) ya somo wao, siku imeheshimiwa. Kuna parokia zinazokaa vikao vingi kujadili mapambo na sare, na siku ikifika hakuna mwanakamati anayeweza kueleza somo wao aliishi lini na alikufa vipi. Inaniuma, kwa sababu sala za mtakatifu huyo zimo tayari kwenye Misale, kitabu cha sala za Misa, na hazisomwi. Ichukueni ile kolekta, isalini majumbani siku tisa kabla ya sherehe. Hiyo ni novena tosha.

Nimetumiwa kwenye simu novena ya Mtakatifu Yuda Tadei. Inasema nisipoisambaza kwa watu tisa nitapatwa na balaa. Nifanyeje?

Ifute. Nimeshalijibu hili mara nyingi, na bado linaulizwa na watu waliokwisha pokea Kipaimara! Yuda Tadei ni Mtume wa Bwana. Sikukuu yake, pamoja na Simoni, ni tarehe 28 Oktoba, na hamwandami mtu kwa sababu ya ujumbe wa simu. Novena tumejifunza kwa Mitume, waliodumu katika sala pamoja na Maria tangu Bwana alipopaa hadi Pentekoste (Mdo 1:14). Walikuwa wakingoja ahadi, hawakuwa wametishwa na mtu. Sala inayotisha, au inayoahidi jibu kufikia siku fulani, ni ushirikina uliobandikwa jina la mtakatifu. Anayeisambaza "kwa usalama tu" anamtia hofu mgonjwa ambaye tayari halali usiku. Asidhani hana kosa.

Mwanakwaya wetu ametunga litania nzuri ya somo wetu. Tuisali kanisani?

Bado. Kwanza iende kwa paroko, na kupitia kwake kwa Askofu. Litania ya Bikira Maria iliidhinishwa na Papa Sixtus V mwaka 1587. Ile ya Mtakatifu Yosefu iliidhinishwa na Pius X mwaka 1909, na maombi saba yaliyoongezwa humo mwaka 2021 yalipitia idhini ya Papa Fransisko. Maneno yanayosaliwa na kanisa zima hupimwa kwanza, na mtunzi mwenye imani hatachukia kusubiri.

Tunaweza kusali novena ndani ya Misa, baada ya Komunyo?

Hapana. Salini kabla ya Misa au baada ya baraka ya mwisho. Mwongozo juu ya ibada za watu uliotolewa na Roma mwaka 2001 unakataza kuchanganya mambo hayo mawili.

Ni kweli Mtakatifu Kristofori alifutwa?

Si kweli. Mwaka 1969 aliondolewa kwenye kalenda ya Kanisa zima, lakini utakatifu wake haukuguswa. Yumo katika Martirolojia, orodha rasmi ya watakatifu wa Kanisa, na makanisa yenye jina lake yanaweza kumwadhimisha.

Ndugu yangu Mprotestanti anasema tunaabudu watakatifu. Nimjibu nini?

Usibishane, msomee sala zetu. Kolekta yoyote ya siku ya mtakatifu inaelekezwa kwa Mungu, kwa njia ya Kristo, na mtakatifu anatajwa kama mwombezi. Katika litania tunamwambia Bwana "utuhurumie", na watakatifu tunawaambia "utuombee". Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563 ulifundisha hivyo hivyo: ni vema na kuna faida kuwaomba watuombee kwa Mungu, na Mkombozi ni Kristo peke yake. Lakini akikuta umepiga magoti mbele ya sanamu Jumapili asubuhi huku Misa ikiendelea, lawama yake ina haki, na hapo wa kurekebishwa ni wewe.

Kwa nini siku ya mtakatifu haifuati tarehe yake ya kuzaliwa?

Kwa kawaida ni siku aliyokufa, ndiyo siku ya kuzaliwa kwake mbinguni. Wakristo wa Smirna waliazimia kumkumbuka hivyo Polikarpo, askofu wao aliyeuawa kwa ajili ya imani, tangu karne ya 2. Yohane Mbatizaji (24 Juni) na Bikira Maria (8 Septemba) tunaadhimisha pia kuzaliwa kwao.

Sherehe ya Mtakatifu Yosefu ikiangukia Ijumaa ya Kwaresima, tule nyama?

Kuleni. Kanuni ya 1251 ya Sheria za Kanisa haidai kuacha nyama Ijumaa yenye sherehe, kama ilivyokuwa 19 Machi 2021. Ikiangukia Jumapili ya Kwaresima, sherehe husogezwa Jumatatu, kama mwaka 2023.