Asali ya jumuiya, simu ya katibu

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Sisi ni akina mama 14 wa jumuiya moja hapa Sikonge, Tabora. Tunauza asali kupitia simu ya katibu wetu. Kila wiki tunatuma picha WhatsApp, lakini wateja wengi wa Dar wanasema hawazipati. Na hesabu za pesa zimeanza kuleta maneno. Tufanyeje?

JIBU: Milele, amina. Tuanze na pesa, maana hapo ndipo vikundi vingi huvunjika. Mnaosali pamoja mnaoneana haya: hakuna anayemhoji katibu, watu wananung'unika pembeni, mwisho wanaacha hata kuja kusali. Mtueni katibu mzigo huo. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata msajili kikundi, kisha ombeni lipa namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya simu, kwa jina la kikundi. Akiba iwe kwenye akaunti ambayo pesa haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe. Kila mnapokutana, mweka hazina asome daftari kwa sauti: lita zilizoletwa na nani kazileta, zilizouzwa, nauli ya basi, salio. Sadaka na rambirambi zikae mbali kabisa na pesa hiyo. Katekista naye asiishike, kwani mtaona aibu zaidi kumwuliza.

Kuhusu picha: kama mnazituma kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast), yaani ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, humfikia tu aliyehifadhi namba yenu. Kwa hiyo kila anayenunua aombwe kuihifadhi kabla mzigo haujaondoka. Nunueni laini ya kikundi, muifungulie WhatsApp Business, ni ya bure, na mpange katalogi yenye picha, ujazo na bei. Chagueni kipimo kimoja. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, huyu akiandika lita na yule kilo, mteja ataona amepunjwa.

Mteja akiwatumia picha ya muamala, msipakie chupa kwenye basi mpaka mwone salio lenu limeongezeka. Ujumbe wa malipo hughushiwa, na dini ya mtumaji si dhamana.

Asali ikiganda, wengi hudhani imetiwa sukari. Andikeni kwenye katalogi kwamba kuganda ni kawaida yake, na chupa iwekwe kwenye maji ya uvuguvugu, si yanayochemka.