Vitabu vinavyokuliza na visivyokuliza

Dada yangu, umeuliza kama ni ugumu wa moyo kulizwa na kumbukumbu za maisha ya mtu mmoja, kukosa usingizi kwa visa vya kweli vya mauaji, lakini ukasoma historia ya vita bila kuguswa. La hasha. Anayesimulia maisha yake hukukaribisha hadi chumbani, ilhali mwanahistoria wa vita mara nyingi hukuonyesha majenerali na ramani tu, kwa hivyo tafuta walioandika juu ya watu wa chini. Anza na vita vya 1914 hadi 1918 hapa Afrika Mashariki, ambako wapagazi, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu, walikufa zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kisha pita penye sanamu za askari wa vita hivyo hapa mjini Mombasa, uzitazame upya. Visa vya mauaji visome mchana. Kitabu kinachomchambua muuaji kwa kina na kumwacha marehemu jina tupu, mimi hukirudisha maktaba kabla sijafika nusu, wala sioni haya. Na hizo kumbukumbu zinazokuliza, zisome ukijua kwamba mwandishi amechagua la kusema na la kuficha, hasa anapowataja jamaa zake.