Ukweli kuhusu maisha ya anga za sifuri: jibu kwa wadogo zangu

Wadogo zangu, maswali mliyonitumia tangu Idi nimeyasoma yote. Mnauliza kama kweli ninaishi mahali pasipo polisi, kama vita ni kila siku, kama kuna pesa, na kama mfungue akaunti mnifuate. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu picha za video mnazotazama zinaonyesha milipuko tu, na mwenye kuishi huko anajua mambo mengine.

Kwanza kwa ajili ya mama na mama mdogo, ambao najua mtawasomea: mwili wangu uko Uingereza, mzima, nafanya kazi ghalani zamu ya asubuhi. Vita mnayoisikia iko ndani ya EVE Online, mchezo wa kompyuta wa kampuni ya CCP ya Reykjavik, kule Iceland, uliofunguliwa Mei 2003. Wachina wana seva yao, lakini sisi wengine wote tumo ndani ya galaksi moja iitwayo New Eden, yenye mifumo ya nyota zaidi ya 7,000. Kila mfumo una alama ya usalama. Kuanzia 0.5 hadi 1.0 kuna polisi waitwao CONCORD: anayekushambulia bila haki, wanamlipua. Hawamzuii asikuue, wanamwadhibu baadaye. Kati ya 0.1 na 0.4 CONCORD hawaji, zimebaki bunduki za kulinda vituo na malango, yaani milango ya kuvukia kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Kuanzia 0.0 kushuka chini hakuna chochote, na huko pembezoni ndiko ninakoishi. Mimi napaita anga za sifuri.

Sasa, hilo la kutokuwa na sheria. Mgeni anayevuka lango peke yake akidhani amepata uhuru, mara nyingi hamalizi mifumo mitano. Upande wa pili wa lango kuna watu wamemtegea, wamewasha uzio unaozuia injini kuruka, na meli yake inakwisha kabla hajajua ametokea wapi. Yeye mwenyewe hafi moja kwa moja, ataamka katika mwili mwingine kituoni kwake. Lakini meli imekwenda, na mizigo iliyosalia kwenye mabaki wanaichukua waliomuua. Hakuna pa kushtaki.

Ila pembezoni pana sheria kali kuliko za anga za ndani zenye polisi, na zinatungwa na wachezaji. Miungano mikubwa inamiliki mifumo, inatoza kodi kwenye mapato, inajenga ngome, inalipia bili za kumiliki eneo, ina mabalozi, majasusi na wahasibu. Sehemu nyingi wanafuata kanuni moja: asiye rafiki anapigwa. Palikuwa na mkoa mmoja, Providence, ambako muungano wa CVA kwa miaka mingi ulishika kanuni ya kinyume: asiye adui anaachwa apite. Walicheka wengi, wakawavamia mara kwa mara, lakini wageni waliofundishwa kazi kule ni wengi mno, na mimi nawaheshimu CVA kuliko washindi wengi wa vita.

Mkitaka kuingia kwenye muungano wowote wa maana, mtahojiwa. Watataka kuona kumbukumbu za akaunti yenu: nani aliwatumia fedha, mnaandikiana na nani. Msikasirike, wana sababu. Mwaka 2009 muungano mkubwa ulioitwa Band of Brothers, uliotawala mkoa wa Delve, ulivunjwa na kiongozi wake mmoja aliyehamia kwa maadui zake, Goonswarm. Alikuwa na mamlaka ya kuufuta, akaufuta. Umiliki wa maeneo ukaanguka papo hapo, na jasho la miaka la maelfu ya watu likamwagika bila vita. Tangu hapo, kila muungano unaangalia sana nani amepewa funguo.

Kuhusu vita yenyewe. Ile ya B-R5RB, ya Januari 2014, ndiyo mnayoiulizia zaidi. Ilianza kwa sababu bili ya kumiliki mfumo ule haikulipwa, na mfumo ulikuwa ghala la meli za upande mmoja. Maadui wakaona nafasi. Mapigano yalichukua kama saa 21, wakashiriki wachezaji zaidi ya 7,000, na meli 75 za aina ya Titan, kubwa kuliko zote, zikaangamia. Ukipima gharama zake kwa fedha za kawaida, hasara ilikadiriwa kuwa dola 300,000 au zaidi. Mwisho wa mwaka 2020, katika mfumo wa M2-XFE, rekodi hiyo ilipitwa: Titan 257 usiku mmoja.

Video haziwaonyeshi kwamba watu wakijaa mfumo mmoja, seva inapunguza mwendo wa muda wenyewe ili isianguke, hadi asilimia 10. Sekunde moja ya vita inakuwa sekunde kumi za maisha yako. Unabonyeza silaha, unasubiri. Unakwenda kuswali, unarudi, kombora lako bado liko njiani. Na kabla ya hapo umekaa saa nyingi ndani ya kikosi, mmejificha, kamanda anasema msiguse kitu, mwishowe adui haji na mnarudishwa nyumbani. Kusubiri ndiyo sehemu kubwa ya vita ile. Saa ya mchezo ni ile ya Greenwich, na vikosi vya Ulaya huitana kuanzia saa 19:00, yaani saa nne usiku kwenu. Mwenye shule au kazi ya alfajiri apige hesabu hiyo kabla ya yote. Nimeona ndoa za watu zikitikisika kwa sababu ya saa hizi, na silitamki kwa mzaha.

Nije kwenye pesa, kwa sababu binamu wa dukani ameniuliza kama anaweza kuacha kazi aishi kwa mchezo. Jibu ni hapana. Fedha ya kule, ISK, ukiiuza kwa shilingi au dola umevunja masharti na akaunti inafungiwa. Njia halali inakwenda upande mmoja: unatumia pesa halisi kununua PLEX, kitu cha ndani ya mchezo kinacholipia uanachama, unaiuza sokoni kwa ISK. Ukiwa tajiri wa ISK unaweza kununua PLEX za wengine ukajilipia uanachama, basi. Huwezi kutoa kitu ukamtumia bibi. Uanachama kamili ni kama dola 20 kwa mwezi. Tangu Novemba 2016 kuna akaunti ya bure, yenye mipaka ya meli na ujuzi, na kwa kuanzia inatosha kabisa. Atakayewaandikia kwamba mkimtumia ISK atawarudishia mara mbili ni tapeli, na utapeli huo ndani ya mchezo unaruhusiwa, kwa hiyo hamtarudishiwa.

Mbona basi naishi huko? Nilipofika nchi hii, majirani niliopanga nao nyumba moja tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa. Huko pembezoni, wiki ya kwanza tu, mzee mmoja Mfini na kijana wa Poland walikaa nami hadi usiku wa manane wakinifundisha kusoma orodha ya waliomo kwenye mfumo, nijue adui ameingia kabla hajanifikia. Nikipoteza meli nikiwa kikosini, muungano unanilipa nyingine. Nilipougua, waliuliza hali yangu kila siku kabla ya kuuliza habari za vita. Anga lisilo na polisi linamlazimisha mtu kuwa na watu, na mimi upweke wa hapa ulikuwa unanila.

Kuna jina mtalisikia: Vile Rat. Alikuwa balozi wa Goonswarm, mpatanishi aliyejulikana galaksi nzima. Jina lake halisi Sean Smith, mfanyakazi wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, na aliuawa Benghazi, Libya, Septemba 11, 2012, katika shambulio lililomuua pia balozi Chris Stevens. Habari zilipofika, wachezaji walibadilisha majina ya vituo kote pembezoni, wakaandika lake, hata miungano iliyokuwa ikipigana na wake. Ninawaambia hili mlielewe mapema: mnayemlipulia meli ni mtu, ana mama na watoto. Matusi ya kabila, dini au rangi mtayasikia pia, hasa kwenye mazungumzo ya wazi. Kwenye kikosi chetu anayeyatoa anafukuzwa. Mkikuta kikosi kinachocheka matusi hayo, tokeni.

Lugha ni Kiingereza sehemu nyingi, na redioni wanaongea haraka. Kuna miungano ya Warusi na ya Wafaransa inayozungumza lugha zao. Ya Waswahili sijaikuta.

Basi mkiamua: fungueni akaunti za bure na mkae anga za ndani mpaka ujuzi ukue. Ujuzi unaendelea kukua hata mkiwa mmezima kompyuta, msikeshe kwa ajili yake. Kila siku saa nane mchana ya kwenu seva inafungwa kwa muda mfupi, msidhani bando limekatika. Mizigo msiibebe wenyewe, kuna wasafirishaji wetu. Mkiwa tayari semeni, nitakuja kuwachukua Jita, kwenye soko kuu, nitatangulia mbele kukagua kila lango, na meli za kwanza zitatoka mfukoni kwangu.