Maswali na Majibu: Biashara Ndogo na Kilimo kwa Misingi ya Uchumi wa Kiislamu

Barua za mwezi huu zimetoka Lugari, Bondeni hapa Nakuru, Dunga, Ahero, Molo na Mumias, na karibu zote zinagusa jambo moja: mali inapotolewa leo ili faida ipatikane kesho, mambo yakiharibika hasara itamwangukia nani? Nimejibu kwa kuegemea madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata, na pale wanazuoni wengine wanapotoa njia nyingine yenye manufaa kwa mkulima nimeitaja.

Kila mwezi wa sita, mahindi yakiwa yamefika kiunoni, dalali huja na kutaka kununua mazao yote ya ekari zangu mbili kwa pesa taslimu. Nina karo iliyobaki na mbolea ya kukuzia haijanunuliwa. Je, naruhusiwa kumuuzia? (Mkulima, Lugari)

Uuzaji wa namna hiyo haufai, ndugu yangu, na sababu yake inaeleweka kwa kila aliyewahi kulima huko kwenu. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kukomaa kwake, na nafaka kabla ya suke kugeuka rangi na kuwa salama na maafa, kisha akauliza: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda hayo, kwa haki gani mmoja wenu atachukua mali ya nduguye? Kati ya mwezi wa sita na mavuno kuna viwavijeshi, kuna mvua ya mawe, na kuna ule ugonjwa hatari wa mahindi ulioonekana Bomet mwaka 2011, ambao huweza kukausha shamba zima. Shamba likiangamia, dalali atakudai pesa zake. Likistawi kuliko mlivyokisia, utayaona magunia yako yakipakiwa kwenye lori kwa bei ya nusu yake. Kwa vyovyote vile mmoja wenu atakuwa amekula mali ya mwenzake bila ya haki, na hiyo ndiyo sababu ya katazo.

Hata hivyo, sheria haikukuacha na karo mkononi bila njia. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla, naye hakuwazuia, bali aliwaambia kwamba anayetanguliza malipo na atangulize kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Mkataba huu ndio unaoitwa salam, na tofauti yake na ule wa dalali wako ni kwamba mnunuzi hanunui shamba lako, wala mistari fulani ya mahindi aliyoiona kwa macho. Ananunua magunia kumi ya kilo 90, ya mahindi meupe makavu yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, yasiyooza wala kuliwa na wadudu, ya kukabidhiwa mahali mlipopataja na tarehe mliyoiandika ya mwezi wa kumi na mbili. Bei yote inalipwa hapo hapo mnapofunga mkataba. Akikupa nusu na kuahidi nusu nyingine wakati wa mavuno, itakuwa ni deni kwa deni, na mkataba wa sehemu isiyolipwa hausimami. Bei kuwa chini ya ile ya sokoni siku ya mavuno si tatizo, kwa sababu mnunuzi ametanguliza pesa zake miezi sita.

Nakuomba uzingatie jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Katika salam mzigo wa kupatikana kwa mahindi uko juu yako wewe muuzaji, kwani umeahidi magunia, hukuahidi shamba. Lako likikauka utalazimika kuyatafuta kwingine. Kwa hiyo, ukitarajia kupata magunia thelathini, usiuze thelathini; uza kumi au kumi na mawili, kiasi cha kumaliza karo na mbolea, na yaliyobaki yabaki kuwa yako. Yasipopatikana kabisa sokoni, mnunuzi atachagua kusubiri au kurudishiwa kiasi kile kile alicholipa, bila ya shilingi moja juu yake. Tena mahali ambapo mikataba hii huharibika ni siku ya mavuno, dalali anaposema: "Achana na mahindi, nipe thamani yake kwa bei ya leo." Hapo biashara imegeuka kuwa mkopo wa riba uliovaa kanzu ya salam, na wanazuoni wengi wameikataa. Apokee mahindi, kisha akayauze mwenyewe.

Kikundi chetu cha akina mama hukutana kila wiki, tunaweka akiba mezani na anayetaka hukopa papo hapo kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka tunagawana. Kwa kuwa riba yenyewe inarudi kwetu wenyewe, bado ni haramu? (Bondeni, Nakuru)

Ndiyo, dada zangu, bado ni haramu, na hoja ya kwamba inarudi kwenu haiwezi kusimama mkiifuatilia hadi mwisho. Tazameni daftari lenu la mwaka jana. Aliyekopa mara nyingi ni yule ambaye mtoto wake alilazwa, au kibanda chake kilibomolewa, na aliyekopa mara chache ni yule mwenye duka lililosimama. Mnapogawana kwa kadiri ya akiba, pesa zinatoka kwa wa kwanza kwenda kwa wa pili. Mkopo wa shilingi 1,000 usiolipwa kwa mwaka mzima unazaa 1,200 kwa hesabu yenu, hata kabla ya riba kutozwa juu ya riba. Aya za mwisho za Suratul Baqara zinazozungumzia riba ni miongoni mwa makaripio makali zaidi katika Qur'ani, na haziwabagui wanaotozana wenyewe kwa wenyewe.

Lakini msivunje kikundi. Kukutana, kuaminiana na kuweka akiba kila wiki ni mtaji ambao watu wengi hawana. Mzunguko wa kupeana pesa kwa zamu ni halali, kwa sababu kila mmoja anapokea kile kile alichotoa. Tengeni pia mfuko wa mikopo isiyo na nyongeza kwa ajili ya ugonjwa, mazishi na karo. Gharama halisi za kuuendesha, kama vile daftari na ada ya kutuma pesa kwa simu, mnaweza kuzigawana.

Kwa upande wa faida, fanyeni biashara badala ya kukopeshana. Mwenzenu anayeuza sharubati akihitaji friza ya shilingi 30,000, kikundi kiinunue kwa jina lake chenyewe, kiipokee, kisha kimuuzie kwa 33,600 zinazolipwa 5,600 kila mwezi kwa miezi sita, huku akielezwa bei ya kununulia na faida yenu. Sharti ni kwamba friza iwe mali yenu kwanza, ili ikiangukia njiani kutoka dukani hasara iwe ya kikundi. Akichelewa kulipa, bei haipandi. Kumpa pesa mkononi aende akanunue mwenyewe, kisha muandike "mauzo" katika daftari, ni kubadilisha jina tu. Na kwa yule anayehitaji mtaji wa unga na mafuta ya kukaangia mahamri, mpeni pesa kwa mudaraba: mnakubaliana mgao wa faida, kwa mfano sita kwa nne, anaweka hesabu, na ikitokea hasara bila uzembe wake basi mtaji ni hasara yenu, naye amepoteza jasho lake. Najua sharti hili la mwisho ndilo gumu kukubalika katika mikutano, lakini ndilo linaloifanya faida yenu iwe halali.

Mimi ni mfanyabiashara wa samaki. Huwapa wavuvi pesa za nyavu kwa makubaliano kwamba watanirudishia polepole, na wakati huo wote wataniuzia mbuta kwa bei ya chini kuliko ya ufuoni. Sitozi riba. Kuna ubaya? (Dunga, Kisumu)

Upo. Kila kilo unayoipata kwa bei iliyoshushwa ni nyongeza ya mkopo wako, ingawa inalipwa kwa samaki. Mtume (s.a.w.) alikataza mkopo kuunganishwa na uuzaji kwa sababu hiyo hasa, na mvuvi aliyefungwa namna hii huweza kukaa miaka ziwani bila kujua deni lake limebaki kiasi gani.

Mkopeshe bila sharti, naye awe huru kuuza kwa bei ya ufuoni, hata kwako wewe. Au nunua nyavu na injini, ubaki kuwa mmiliki wake, umkodishie kwa kodi inayojulikana, na injini ikifa bila kosa lake gharama ya kuifufua iwe yako. Wapo pia wanazuoni, hasa wa madhehebu ya Hanbali, walioruhusu mwenye chombo na mwenye kazi kugawana kinachopatikana kwa sehemu, kama robo au theluthi. Utaratibu huo unakaribiana sana na mgao wa samaki ambao mabaharia wa ziwa hilo wameuzoea kati ya mwenye boti na wavuvi wake.

Nalima mpunga kwenye skimu ya Ahero na ndugu yangu ana miwa Mumias. Zaka yetu inahesabiwaje? (Ahero)

Kiwango cha chini cha nafaka kupaswa zaka ni wasaq tano, sawa na takriban kilo 653 kwa hesabu inayotumika sana, yaani magunia saba ya mahindi na kilo ishirini na kitu juu yake. Lakini mpunga huhifadhiwa na maganda yake, na kwa sababu hiyo wanazuoni wa Kishafi wameweka kiwango cha wasaq kumi kwa mpunga usiokobolewa, ambacho ni karibu kilo 1,306. Shamba la mvua hutoa sehemu moja katika kumi, na linalomwagiliwa kwa gharama hutoa nusu ya hiyo. Maji yenu ya Ahero yanasukumwa kwa pampu kutoka Mto Nyando nanyi mnayalipia, hivyo mavuno ya kilo 3,000 yatatolewa kilo 150. Jirani yako wa Lugari aliyevuna magunia ishirini ya mahindi kwa mvua atatoa mawili. Haisubiriwi kupita mwaka, kwa kuwa haki hii hutolewa siku ya mavuno, baada ya nafaka kukauka na kusafishwa.

Gharama za kulimia na mbolea hazipunguzwi katika madhehebu ya Shafi. Baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wanaruhusu kuondoa kwanza deni la pembejeo, na mkulima aliyebanwa na deni kweli kweli halaumiwi akiifuata rai hiyo.

Miwa, viazi na majani chai si vyakula vya kuwekwa ghalani, na kwa Mashafi havina zaka ya mazao, ilhali Imam Abu Hanifa anawajibisha zaka katika karibu kila kinachooteshwa na ardhi. Ndugu yako akifuata Shafi, aangalie malipo ya miwa yaliyobaki mkononi: yakifikia thamani ya kiwango cha zaka ya fedha na kuzungukiwa na mwaka, atatoa asilimia 2.5.

Nina ng'ombe wanne wa maziwa. Natoa zaka gani?

Hakuna. Zaka ya ng'ombe huanzia thelathini, tena wa kulishwa malishoni. Pesa za maziwa ukizihifadhi zina hukumu ya pesa.

Nanunua viazi kwa wakulima kwa lumbesa. Najua si haki, lakini nikikataa wenzangu watanishinda sokoni. Nifanye nini? (Molo)

Kuuza rundo kwa macho bila kulipima kunaruhusiwa, iwapo wote wawili wanaliona na hakuna anayejua uzito wake. Lumbesa si hivyo. Mnunuzi anajua vizuri kwamba gunia lililoshonewa wavu juu lina kilo nyingi kuliko anazolipia, kisha akifika mjini analipasua na kuuza kwa ndoo au kwa kilo. Hao ndio waliotajwa mwanzoni mwa Suratul Mutaffifin, wanaotaka watimiziwe wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Isitoshe, kanuni za viazi za Kenya za mwaka 2019 zimeweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, kwa hiyo unavunja pia sheria ya nchi ambayo haipingani na dini.

Njoo shambani na mizani ya kuning'iniza na utangaze bei kwa kilo. Huenda ukapata mzigo mdogo msimu wa kwanza, lakini mkulima aliyepimiwa kwa haki atakuwekea viazi vyake, na atamwambia jirani. Wenye gorogoro waliogonga kitako cha mkebe kikaingia ndani wajue nao wamo katika jibu hili.

Nina duka la mbolea na mbegu. Nilikopesha wakulima, mvua ikakatika, sasa hawalipi. Naweza kuongeza faini? Au nisamehe na nihesabu kuwa ndiyo zaka yangu? (Mumias)

Kuuza kwa mkopo kwa bei ya juu kuliko ya taslimu ni halali, mradi bei moja ilikubaliwa kabla hamjaachana. Baada ya hapo haiongezeki, hata kwa jina la faini. Aliye na uwezo na anakwepa anafanya dhulma, na unaweza kumpeleka mbele ya wazee, Kadhi au mahakama. Lakini aliyepoteza mavuno, Qur'ani imeamrisha asubiriwe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Kaeni pamoja, muandike tarehe mpya baada ya mavuno yajayo, na mashahidi watie sahihi.

Kusamehe deni hakuhesabiwi kuwa zaka kwa wanazuoni wengi, kwa sababu zaka hutolewa ikamfikia mwenye haki nayo. Hata hivyo, mwenye deni aliyeshindwa ni miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Unaweza kumpa zaka yako mkononi kama mtu mwingine yeyote, bila ya kumshurutisha akurudishie. Akiamua mwenyewe kuitumia kulipa deni lako, zaka yako imesihi na malipo yake yamesihi.