Maswali ya Wasomaji: Nguzo Zinazokua Juu na Chini

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu Fusion, ule ukurasa wa michoro-mwendo ndani ya DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ambao wahariri wengi huufungua, wakaona visanduku na nyaya, wakarudi kimyakimya Edit, ukurasa wa uhariri wa kawaida. Nimechagua nne.

Shikamoo dada. Nimeweka sRectangle, umbo la mstatili, nikavuta waya kwenda MediaOut, haushiki. Nikapitisha kwenye Merge, nao haushiki. Kompyuta yangu ina shida gani?
*Mhariri wa video za harusi, Morogoro*

Marahaba, mdogo wangu. Kompyuta yako nzima. Nodi, yaani vile visanduku, zinazoanza na s ndogo hazibebi picha. Zinabeba maelezo ya umbo tu: upana, kimo, rangi, kona zimeviringwa kiasi gani. Merge, inayounganisha picha, na MediaOut, inayotoa picha ya mwisho, zinataka pikseli, yaani nukta za picha, na anayegeuza maelezo kuwa pikseli ni sRender. Bonyeza Shift na Space, andika jina lake, iweke katikati, waya utashika.

Ila usiiweke mapema. Kuunganisha maumbo kuna sMerge, kukata umbo kwa umbo jingine kuna sBoolean, kurudufu kuna sDuplicate na sGrid. Maliza kazi yote humo, sRender ije mwisho. Umbo ambalo halijawa pikseli ukilikuza mara kumi ukingo wake unabaki mkali vilevile.

Nodi hizi ziliingia toleo la 17. Mafunzo ya kabla ya hapo yatakuonyesha Background, yaani rangi tupu, iliyokatwa kwa maski ya Rectangle. Njia hiyo haijafa, lakini kwa maumbo ishirini utakuwa na nodi arobaini za kufukuzana nazo.

Dada, natengeneza video ya mkutano wa chama chetu cha ushirika, grafu ya nguzo sita za mavuno ya korosho. Nataka ziote moja baada ya nyingine. Zangu zinatanuka juu na chini kwa pamoja, na kila mteja akibadilisha kasi narekebisha nguzo zote sita. Naomba msaada.
*Mtwara*

Hii ndiyo barua niliyoipenda, kwa sababu una matatizo mawili uliyoyafunga kifurushi kimoja.

La kwanza ni egemeo. sRectangle hukua kutoka katikati yake, kwa hiyo ukihuisha Height, nguzo inasukuma pande zote mbili. Iache Height iwe takwimu tu, yaani kimo cha mwisho cha nguzo, na usiiguse tena. Panga nguzo zote zikanyage mstari mmoja, kisha weka sTransform, nodi ya kusogeza na kukuza umbo, baada ya kila sRectangle. Ndani yake shusha Y Pivot mpaka alama ya egemeo ikae kwenye ukingo wa chini wa nguzo. Sasa Y Size, yaani ukubwa wa wima, ikitoka 0 kwenda 1, nguzo inaota kutoka ardhini.

La pili ndilo linalokula usiku wako. Fremu kuu, zile almasi unazobonyeza pembeni ya kidhibiti ili kishike thamani fulani kwenye fremu fulani, ziweke kwenye nguzo ya kwanza peke yake. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, mimi ningeanza hivi: fremu ya 0 Y Size ni 0, fremu ya 15 ni 1.06, fremu ya 20 ni 1. Ile 1.06 inaifanya nguzo ipite kidogo kisha itulie. Usizidishe, 1.2 kwenye takwimu za korosho ni utani. Halafu fungua Spline, dirisha la grafu ya mwendo, chagua fremu kuu zote, bonyeza Shift na S. Mistari iliyonyooka ikishakuwa mapindo, ndipo utaona mwendo.

Nguzo ya pili haiwekewi fremu kuu hata moja. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya kwenye Y Size yake, chagua Expression, vuta ile alama ya kujumlisha hadi kwenye Y Size ya nguzo ya kwanza. Programu itaandika jina la kidhibiti yenyewe. Ligeuze lisomeke hivi:

sTransform1:GetValue("YSize", time-4)

Kama jina uliloandikiwa linatofautiana kidogo na hili, fuata lako. Maana yake ni kwamba nguzo ya pili inasoma mwendo wa ya kwanza, lakini ule wa fremu nne zilizopita. Ya tatu mpe time-8, ya nne time-12, na kuendelea hadi ya sita, time-20. Onyesho zima linaisha fremu ya 40, yaani sekunde 1.6. Mteja akitaka haraka zaidi, unasogeza almasi za nguzo ya kwanza na zile tano zinafuata zenyewe. Nyaya zote sita ziingie sMerge moja, sRender moja, basi.

Utakutana na watu watakaokuambia utumie Duplicate yenye Time Offset. Ni kweli inachelewesha kila nakala, na kwa mapambo ya duara zinazofanana naitumia sana. Lakini nakala zake zinatoka kwenye picha moja, na mavuno ya miaka sita hayawezi kuwa na kimo kimoja.

Habari za kazi. Nina bango la jina lenye mstari unaojichora kuzunguka maandishi. Nikilirefusha kwenye taimlaini, sehemu ya kutoka inatokea katikati na jina linapotea mgeni akiwa bado anaongea.
*Mtayarishaji wa vipindi, Mombasa*

Nzuri. Mstari wenyewe naona umeshaupata: Solid, inayojaza umbo, imetolewa tiki, na Length, urefu wa mstari, inatoka 0 kwenda 1. Tatizo ni kwamba fremu kuu za kutoka ziko kwenye namba ileile hata bango likiwa refu. Weka Keyframe Stretcher kabla ya MediaOut. Kama bango lako la asili ni fremu 125, linaingia hadi fremu ya 20 na kuanza kutoka fremu ya 100, basi Source End iwe mwisho wa bango hilo, Stretch Start 25, Stretch End 95. Kinachovutwa ni kile kipande kilichotulia katikati. Kuingia na kutoka vinabaki na kasi yake. Ukiridhika, chagua nodi zote, zigeuze Macro, yaani kifurushi kimoja, uihifadhi kwenye Templates, ndani ya Edit, folda ya Titles. Wenzako wataikuta kwenye orodha ya mabango bila kujua Fusion iko wapi.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Fusion inakwama. Ninunue nyingine?
*Msomaji, Dodoma*

Kwa Windows, Blackmagic, watengenezaji wa Resolve, wenyewe wanashauri GB 16, na 32 ukitumia Fusion, kwa hiyo kukwama huko hakushangazi. Kabla ya kutoa pesa, ingia menyu ya Playback, kisha Render Cache, inayohifadhi picha zilizokwisha kukokotolewa, chagua Smart, kisha uiache mashine itulie hadi ule mstari mwekundu juu ya klipu uwe wa bluu. Pia punguza taimlaini iwe 1280 kwa 720 wakati wa kazi, uipandishe siku ya kutoa video. Maumbo hayatadhurika, mradi sRender iko mwisho na Auto Resolution imewekewa tiki.