Maswali na Majibu: Siku ya Bahari Eilat

Safari za vijana wa Kiyahudi kwenda Israel zimekaribia, na barua nyingi wiki hii zinahusu siku ya michezo ya majini kule Eilat, mji wa pwani kusini mwa Israel. Za bei ya tiketi nimeziacha.

Nimnunulie binti yangu mfuko wa kuingia na simu majini? (Mama, Toronto)

Hapana. Simu ibaki kwenye basi.

Mwanangu ana miaka 16, amekulia Mbale, bahari hajawahi kuiona. Fomu iliuliza kama anajua kuogelea, nikajaza "ndiyo" asije akaachwa. Kuna ubaya? (Mzazi, Uganda)

Upo, mzee wangu, tena mkubwa. Wapigie simu leo hii warekebishe. Kwenye hifadhi ya matumbawe ya Eilat watu hupita juu ya daraja na kushukia nje ya mwamba, ambako maji ni marefu papo hapo. Asiyejua kuogelea akiingiwa na maji kwenye mrija wa kupumulia, hushika chochote kilicho karibu: mwenzake, au matumbawe, ambayo hukata ngozi na yanalindwa na sheria. Ukisema kweli hataachwa. Atavalishwa jaketi la kujiokoa, au ataona samaki wale wale kwenye chumba cha kutazamia kilichojengwa chini ya maji hapo jirani. Na mpeleke bwawani kabla ya safari. Wazazi mnanunua miwani ya kuzamia kabla ya kulipia mafunzo ya kuogelea, sijui kwa nini.

Eilat ndiko mtu anakoelea bila kuogelea? (wengi mno)

Narudia, na nimechoka: hiyo ni Bahari ya Chumvi, ziwa lililo mita 430 hivi chini ya usawa wa bahari. Eilat iko Bahari ya Shamu, na huko mtu anazama kama Mombasa. Hata huko kwenye chumvi watu hufa maji: mtu akigeuka kifudifudi, kujigeuza tena ni kazi. Na asinyoe siku ya kwenda huko, chumvi itamchoma.

Sisi tunashika Sabato, na safari ni ya Julai. Niulize nini? (Baba, Nairobi)

Uliza tarehe ya Tisha B'Av, siku ya kufunga na kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu. Katika siku 9 zinazoishia hapo, Wayahudi wengi washika dini hawaogelei kwa starehe, na mara nyingi siku hizo huangukia Julai au Agosti. Uliza pia kama siku ya bahari ni Ijumaa. Mpangaji anayewapandisha vijana boti Ijumaa alasiri, jua likikaribia kuzama na Sabato kuingia, hajui kazi yake.

Losheni ya jua ni lazima kwa mtoto mweusi? (Dada, Minneapolis)

Lazima. Julai joto la Eilat hupita nyuzi 40. Fulana ya mikono mirefu ni bora zaidi, na maji ya kunywa kuliko vyote.

Nani huwaangalia wakiwa majini? (Bibi, Kampala)

Hatimaye! Fukwe rasmi zina waokoaji kwa saa maalumu, na bendera: nyeupe shwari, nyekundu hatari, nyeusi hakuna kuingia. Lakini mwokoaji hupaza sauti kwenye kipaza sauti kwa Kiebrania, na mjukuu wako huenda asielewe neno. Kwa hiyo waulize viongozi wa safari, kwa jina, ni mtu mzima yupi atakayebaki mkavu siku nzima akihesabu vichwa. Wakikujibu "sote tutakuwa nao majini", usitie sahihi.